Ubongo wa Dalali Donato

Donato Lacerenza hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, wala duka. Alikuwa na mkono wa kulia na neno lake, basi. Kwa vitu hivyo viwili alioa, akajenga nyumba ya mawe pale Montesordo, kijiji kilichong'ang'ania mlimani huko Lukania, na akamsomesha binti yake mpaka akawa mwalimu. Usimcheke. Wako wasomi ambao ukiwavua miwani na vyeti hapabaki kitu, hata mtu wa kutumwa chumvi dukani.

Alikuwa dalali wa ng'ombe, kama baba yake na babu yake. Kazi yenyewe ukiitazama harakaharaka utaiona upuuzi mtupu. Anasimama gulioni kati ya muuzaji na mnunuzi wanaotukanana tangu asubuhi. Huyu anasema ng'ombe wako ni ngozi na mifupa, yule anasema pesa zako zinanuka. Donato anamvuta mmoja pembeni, anamnong'oneza mwingine, anaapa kwa watakatifu wote, anakasirika kwa uongo, anaondoka kwa uongo, anarudi. Akiona macho ya wote wawili yamelegea, anaunyakua mkono wa muuzaji, anaunyakua wa mnunuzi, anaibandika pamoja, na kwa ubavu wa kiganja chake anaikata: pa!

Mikono ikishakatwa, imekatwa. Hakuna karatasi, hakuna kurudi kesho na kusema mke wangu hataki. Ng'ombe akifa njiani, ni wako. Akizaa mapacha, ni wako pia, chinja jogoo ufurahi.

Donato aliyajua hayo tangu utotoni, na alijifunza kwa makofi. Siku moja, kwa mzaha tu, alikata mikono ya wavulana wawili wa mtaani, mmoja akitoa baiskeli na mwenzake akitoa mbwa. Mwenye baiskeli akaenda kulia kwa mama yake. Mama akaja juu kudai baiskeli. Marehemu Michele, baba yake Donato, akamzaba mwanawe vibao viwili vya nguvu kwa kuifanyia mzaha kazi ya watu, kisha akamgeukia yule mama akamwambia, "Samahani sana, dada yangu. Lakini mikono imekatwa. Mwanao ana mbwa sasa." Na mbwa yule, koko mwenye upele, akafugwa katika nyumba ile mpaka akafa kwa uzee.

Kitu kingine ambacho hata watoto wa Montesordo wanakijua ni hiki: mkono ukishaupeleka kwa dalali, huuchomoi. Unaweza kumwita dalali mwizi, ataitikia kama umemwita jina lake. Unaweza kumtukana mama yake, mtayamaliza kwa glasi ya mvinyo. Lakini ukimpa mkono halafu ukauchomoa kabla hajaukata, umemwambia mbele ya halaiki kwamba neno lake ni mavi. Wenye adabu wanisamehe, huko ndivyo wanavyosema.

Basi Savino Pagliuca akauchomoa.

Huyu Savino alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, tumbo kubwa, mdomo mkubwa kuliko tumbo. Ilikuwa siku ya gulio la vuli. Walikuwa wamebishana juu ya fahali mmoja tangu asubuhi, Donato amekauka koo kwa kuwapatanisha, mkono wa muuzaji uko kiganjani, wa Savino uko kiganjani, kiganja cha kukata kimeshanyanyuka. Savino akauvuta wake ghafla, akaufuta kwenye suruali, akacheka.

"Mkono wako una jasho, Donato! Tafuta kazi nyingine, bwana. Siku hizi tuna simu."

Watu wakacheka. Siyo wote, ila waliocheka walitosha.

Donato akainua fimbo yake ya kuswagia ng'ombe akampiga Savino usoni, mara moja tu. Taya likavunjika, na jicho la kushoto likafifia lisirudi tena. Halafu Donato akailaza fimbo chini taratibu, akaketi ukingoni mwa birika la kunyweshea ng'ombe, akawasha kipande cha biri, akawangoja askari.

"Umefanya nini, Mjomba Donato?" akauliza kamanda wa kituo cha polisi, maana pale kijijini kila mwenye mvi ni mjomba, hata kwa askari.

"Nimempiga. Yeye alitaka kupigwa, na mimi nikataka kumpiga. Andika."

Mambo yangeishia hapo yangekuwa mambo ya watu wazima. Mtu amepiga, mtu amekiri, mtu anafungwa. Lakini wapi! Akaingia Wakili Summonte.

Wakili Summonte alikuwa kijana wa mjini aliyevaa viatu visivyo na soksi hata wakati wa baridi. Alimweleza Donato kwa upole kwamba sheria ya kumharibu mtu jicho haina mchezo: miaka mitatu ndani, na hapo jaji awe ameamka vizuri. "Ila ipo njia," akasema. "Tunaupiga picha ubongo wako."

"Ubongo wangu umefanya nini?"

"Hilo ndilo tutakaloliona. Wakigundua una kasoro kidogo, hata ndogo tu, jaji anapunguza theluthi. Inabaki miwili, na miwili unaitumikia nyumbani kwako, kifungo cha nje. Unakunywa kahawa yako kama kawaida."

"Yaani niseme mimi ni kichaa."

"La hasha! Nani kasema kichaa? Kichaa nusu. Tena robo."

"Thubutu!" akasema Donato, akachukua kofia yake akaondoka.

Ni mkewe, Incoronata, aliyemvunja nguvu. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi wa kukwangua masufuria, na jioni ile hakuutumia. Alikuwa anakaanga pilipili kavu, akauzima moto, akakaa kitako mbele ya mumewe.

"Baba Rosina, una miaka sitini na moja. Ukitoka huko utanikuta nimezikwa, au mimi nitakuja kuuchukua mwili wako. Chagua."

"Incoronata, wataniita punguani."

"Wakuite! Kwani umewahi kulala na kijiji? Mimi ndiye ninayelala na wewe, na mimi najua kichwa chako kilivyo. Kibovu sana, lakini siyo cha kupigwa picha." Akajifuta macho kwa aproni. "Fanya kwa ajili yangu. Mara moja tu, jitie hamnazo."

Akakubali. Ndivyo mtu mzima anavyouzwa, na wanaomuuza ni wale wanaompenda.

Profesa Azzolini, mtaalamu wa ubongo aliyeitwa na wakili, alikuja kutoka kaskazini na mkoba wa ngozi na sauti laini ya kubembeleza wagonjwa. Akamlaza Donato ndani ya bomba la mashine hospitalini mjini, akamwekea kitufe mkononi, akamwambia abonyeze kila atakapoona sura yenye hasira kwenye kioo, na asibonyeze akiona sura iliyotulia. Mashine inapiga kelele mithili ya bati linalogongwa nyundo. Sura zikaanza kupita. Sasa, Donato alikuwa mtu wa miaka sitini na moja na mambo yake ya kibofu, na asubuhi ile alikuwa amekunywa kahawa mbili. Hakuna sura aliyoiona vizuri. Muda wote aliokuwa mle ndani alifikiria jambo moja tu, kubana mkojo, na akaubana mpaka mwisho kishujaa. Alipotolewa nusura ampindue muuguzi akikimbilia chooni.

Wiki kadhaa baadaye ubongo ule ukawekwa kwenye skrini kubwa mahakamani, umepakwa rangi nyekundu, njano na buluu.

"Hapa mbele," akasema Profesa Azzolini akiuonyesha kwa kijitaa chekundu, "ndipo ilipo breki ya binadamu. Mtu akitukanwa, hasira inapanda, breki inashika, mtu hapigi. Mheshimiwa Jaji, tazama sehemu hii ilivyopoa. Buluu tupu. Breki ya Bwana Lacerenza imelika."

Chumba kizima kikasema aaa! Hata mwendesha mashtaka alikodoa macho. Lo, binadamu na rangi! Ungewaambia kwa maneno matupu kwamba Donato hawezi kujizuia, wangekuuliza umejuaje. Paka buluu, wote wanakuwa mashahidi.

Kisha akasimama profesa wa upande wa pili, mnene, mwenye mafua, akasema picha hiyo ilipigwa mwaka mzima baada ya kosa, haiwezi kusema kitu juu ya siku ile, na wazee wengi wa umri huo wana doa la namna hiyo.

"Doa? Lile ni sawa na punje ya haragwe!" akasema Azzolini.

"Dengu," akasema mwenye mafua. "Tena nusu ya dengu."

"Haragwe, ndugu yangu, haragwe kabisa!"

Donato akiwa kizimbani aliwatazama na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia yuko nyumbani. Aliifahamu ngoma hii. Mmoja anaivimbisha bidhaa, mwingine anaiponda, wote wanajua wataishia katikati, na bidhaa yenyewe imefungwa kamba pembeni haiulizwi kitu. Alitamani awashike mikono awakatie, waende wakale. Kilichomuuma ni kwamba ng'ombe wa leo ni yeye.

Savino naye alikuwepo, amekaa benchi la mbele na kitambaa jichoni. Alikuwa amevumilia kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Mwishowe akainuka.

"Mheshimiwa, mimi sijasoma. Lakini naomba niulize. Kama siyo yeye, ni breki, basi jicho langu limetolewa na nani? Na dengu?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji Tamborra, mama wa makamo aliyechoka, akamwamuru akae. Savino akakaa, uso umemwiva. Kilikuwa kicheko kilekile cha gulioni, ila sasa kimegeuka upande wake, na Donato akakisikia.

"Mshtakiwa ana neno lolote la kusema?" akauliza jaji.

Wakili Summonte akamkanyaga Donato mguu kwa kiatu chake kisicho na soksi. Donato akatazama mabenchi ya nyuma, akamwona Incoronata ameshika rozari mdomoni, kafumba macho. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Akalimeza.

"Sina, mheshimiwa."

Akapata miaka miwili ya kifungo cha nje. Akaonywa kwamba akimgusa mtu tena, miwili hiyo itaingia ndani pamoja na mingine itakayofuata. Wakili akambusu mashavu yote mawili. Profesa akampa mkono akamshukuru kwa ubongo mzuri, eti ataupeleka kwenye mkutano wa wataalamu huko ng'ambo. Maskini Donato, mwenyewe hajawahi kuvuka bahari, ubongo wake ukapanda ndege.

Kesho yake akaingia kwenye mkahawa wa uwanja wa kanisa. Mwenye mkahawa akampangusia kaunta.

"Kahawa, Mjomba? Au breki itakataa?"

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Montesordo kila ukoo una jina lake la utani, na jina hilo likikushika linakufuata mpaka kwenye tangazo la kifo. Ukoo wa Lacerenza kwa miaka yote uliitwa Wakata-mikono. Kufikia Jumapili alikuwa Breki. Kufikia mwisho wa mwezi Incoronata alikuwa mke wa Breki, na Rosina, mwalimu wa watu, akaikuta imeandikwa ubaoni darasani kwake. Incoronata akatembea nyumba kwa nyumba na ule ulimi wake, akawachambua mmoja mmoja, wazinzi, walevi, na waliomwibia padri mshumaa. Haikusaidia. Jina la utani ukilipinga ndiyo unalimwagia maji.

Lakini jina lilikuwa kuchekwa tu. Pigo lenyewe alilileta Canio Labella.

Canio alikuwa kijana mfugaji, mwana wa rafiki yake Donato. Msimu wa kuchipua kabla ya kesi alinunua ng'ombe wa maziwa, na Donato ndiye aliyekata mikono. Ng'ombe akageuka kuwa wa maonyesho, anakula kwa bidii, maziwa hana. Canio akaja mlangoni anazungusha kofia vidoleni.

"Mjomba Donato, usinielewe vibaya. Yule ng'ombe nimemrudisha kwa mwenyewe."

"Umemrudisha vipi? Mikono niliikata."

"Ndiyo, Mjomba, uliikata." Akaangalia viatu vyake. "Ila si jaji mwenyewe amesema... yaani, kwamba aliyeikata hakuwa... kwamba kuna sehemu imepoa."

"Imepoa."

"Siyo mimi, Mjomba! Sayansi."

Sayansi! Mtu hajui hata kuosha ndoo ya maziwa, leo anakutajia sayansi. Na habari ikasambaa. Kila aliyejuta chochote katika miaka ya karibuni akagundua kwamba kwenye ubongo wa Donato kuna mlango wa kutokea. Aliyenunua nyumbu wa mizigo mwenye kikohozi akamrudisha. Waliobadilishana malisho wakabadilishana tena wakitupiana mawe. Wanafiki wakubwa! Miaka thelathini walikuwa wakimpelekea jibini Krismasi kwa sababu alikata vizuri. Wengine, ambao ng'ombe wao walikuwa wazima kabisa, waliwarudisha pia kwa kuwa walipata bei nzuri zaidi mahali pengine. Na gulioni, Donato akinyoosha mkono, watu waliangalia saa zao.

Hapo ndipo alipoelewa kilichouzwa siku ile. Alidhani ameuza aibu kidogo apate kukaa nyumbani. Kumbe ameuza neno lake, na hilo ndilo duka lake, ndilo shamba lake, na ndicho kitu pekee alichoachiwa na Michele.

Akapanda basi akaenda mjini kwa Wakili Summonte. Kwenye chumba cha kungojea, kati ya cheti cha wakili na picha ya Bikira Maria, kilitundikwa kitu chenye fremu ya dhahabu: ubongo wake, nyekundu, njano na buluu. Mama mmoja aliyekuwa anangoja alikuwa anauangalia kwa heshima huku akipiga ishara ya msalaba, hajui ni wa nani.

"Nataka kwenda jela," Donato akamwambia wakili.

"Unasemaje, mzee wangu?"

"Miaka yangu mitatu. Naitaka. Nenda umwambie jaji ulisema uongo, mimi nilikuwa mzima."

Summonte alicheka mpaka akajishika kifua. "Mjomba Donato! Kesi imefungwa, hukumu ni ya mwisho. Hakuna sheria duniani ya mtu kudai aongezewe. Halafu jiangalie," akainama mbele, anamtazama kwa huruma kweli kweli, "mtu mwenye akili zake anaomba jela? Ombi lako lenyewe linaonyesha picha ilisema kweli."

Donato akatoka bila kuaga. Kwenye basi alikaa amekunja ngumi mpaka Montesordo. Ukisema we mzima, wewe mgonjwa. Ukisema we mgonjwa, umekubali. Huo ndio mtego wa wasomi, na mwenye akili zake hana pa kutokea.

Likaja gulio la vuli lililofuata. Asubuhi Incoronata alimpigia pasi shati jeupe. Alipomfunga kifungo cha shingoni akasema, "Mimi ndiye niliyekuponza."

"Wewe ulitaka mume nyumbani. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Usiende leo."

"Nikikaa leo, nimekaa moja kwa moja."

Akaenda na fimbo yake. Akasimama mahali pake karibu na birika, shati linang'aa, mpaka jua likapita katikati, na hakuna mkono uliomjia. Vijana walikuwa wanauziana ndama kwa kupigana picha kwa simu. Kamanda wa polisi alikuwa anazungukazunguka, na kila akizunguka anatokea upande alioko Donato.

Mbele kidogo, Savino Pagliuca alikuwa anagombana na mjane mmoja mfugaji, Mama Gerarda, juu ya mtamba mweupe. Walishatukanana vya kutosha na bei ilikuwa imekaribia. Savino akageuka, jicho moja zima na moja limefifia, akapaza sauti gulio lote lisikie.

"Breki! We Breki! Njoo utukatie."

Makelele yakakatika. Donato akasita, akaenda. Hakumtazama Savino usoni. Aliushika mkono wa Mama Gerarda, mkavu, wenye nguvu. Akaushika wa Savino. Akaibandika pamoja, akanyanyua kiganja.

Savino akauchomoa mkono wake.

Akaufuta kwenye suruali, taratibu, bila haraka. "Mkono wako una jasho, Donato," akasema. "Tafuta kazi nyingine, bwana."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Gerarda akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Kamanda akapiga hatua moja, akaishia hapo. Fimbo ilikuwa mkononi mwa Donato na mkono ulishapanda. Alikuwa anataka. Mungu wangu, alikuwa anataka kama alivyotaka siku ile, hasira ileile, uso uleule mnene mbele yake na nafasi safi ya kupiga upande wa jicho lililobaki. Akipiga, anaoza jela na kijiji kizima kitasema unaona, breki. Asipopiga, amemezeshwa tusi lile mara ya pili, mbele ya watu walewale.

Akaishusha fimbo, akailaza chini.

"Savino," akasema, na sauti ilisikika mpaka kwenye zizi la mwisho. "Umeona. Naweza kuacha. Na siku ile ningeweza kuacha vilevile. Breki ilikuwepo, nzima kabisa. Sikutaka. Jicho lako nililitoa mimi, Donato mwana wa Michele, kwa mkono wangu na akili zangu zote. Mahakamani niliulizwa nikanyamaza, kwa sababu niliogopa jela. Basi. Yule profesa akaanike picha yake juani."

Kamanda alivua kofia akawa anaangalia ndani yake, eti kuna kitu anatafuta. Canio Labella akarudi nyuma ya ng'ombe.

Savino alikuwa anapumua kwa nguvu. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Siyo dengu."

"Siyo dengu."

"Mwaka mzima!" Savino akapiga kelele, na jicho lililofifia lilikuwa linatoa machozi sawa na lile zima. "Mwaka mzima nikipita wananiuliza nimeng'olewa jicho na ubongo gani! Mimi Savino Pagliuca nikang'olewa jicho na doa! Mwaka mzima nangoja useme hivyo, mwanaharamu wewe!"

"Nimesema."

"Nimesikia."

Akanyoosha mkono tena. Akauacha pale, wazi, mbele ya Donato, hauchezi. Mama Gerarda, ambaye hakuwa amelipwa bado na hakuwa na siku nzima ya kupoteza, akausukuma wake pia. Donato akaishika, akaibandika, akanyanyua kiganja juu kuliko kawaida.

Pa!

Mtamba mwenyewe alikuja kuwa tasa. Alipandishwa na fahali wote wa mlimani asishike mimba, na Savino akamlaani Donato kuanzia mkahawani mpaka mlango wa kanisa, yeye, baba yake, na maji aliyobatiziwa. Siku moja Canio akamsogelea kwenye kaunta, akanong'ona kwa sauti ya mtu anayekupa siri ya kukuokoa.

"Kwa nini unateseka, Mjomba Savino? Si umrudishe tu? Ile picha ya ubongo bado ipo kwa wakili."

Savino akageuza shingo mpaka jicho lake zima likamwona kijana vizuri, kuanzia kofia hadi viatu.

"Nimrudishe vipi, mpumbavu wewe?" akasema. "Mikono imekatwa."